Mpapai Dume na Maji ya Udhu

Sangailu mpapai haupandwi shambani. Unapandwa kando ya bafu, au pale watu wanapotawadha, ili maji ya udhu na ya kuoshea vyombo yaufikie bila mtu kuulipia mtungi wake. Ni hesabu ya kawaida katika wadi iliyo huko mwisho wa kaunti ya Garissa, upande wa msitu wa Boni, ambako maji yanategemea silanga na mvua ikiamua kuja. Maji safi ni ya watu, kisha ya ng'ombe na mbuzi. Mpapai unakunywa kilichobaki.

Shida ya mpapai ni kwamba haukwambii ni nani. Unaumwagia maji miezi mitano, sita, hata minane, na muda huo wote hujui kama ni jike au dume. Majani ni yale yale, shina ni lile lile. Halafu siku moja maua yanatoka na hukumu inapita. Maua yakiwa makubwa, yamebana karibu na shina, nyumba inafurahi. Yakiwa madogo madogo, yananing'inia kwenye vijiti virefu kama shanga, mtu mmoja anasema "ah, dume hili," na mwingine anaenda kutafuta panga.

Nina swali ambalo najua litawachekesha watu wa nyumbani: kuna ubaya wowote katika kukata mpapai dume? Siongelei mazingira, ile ya kata mti panda mti. Naongelea ubaya ule tunaousema mtu akimfanyia mwenzake. Jibu langu la haraka ni hapana, hakuna ubaya, ni mpapai jamani. Lakini jibu hilo limekuwa likinisumbua, na sababu si mpapai peke yake.

Kwanza tuelewane kuhusu mmea wenyewe, maana wengi wetu tulio Nairobi tunaujua ukiwa umeshakatwa vipande na kufunikwa kwa plastiki. Mpapai una jinsia tatu. Kuna dume, kuna jike, na kuna ule wenye sehemu zote mbili katika ua moja, ambao nitauita khuntha kwa sababu Kiswahili kina neno hilo tangu zamani na sioni haja ya kutafuta lingine. Lile papai refu kidogo, lenye umbo la peasi, ambalo wauzaji wa mjini wanalipenda, mara nyingi limetoka kwa khuntha. La jike huwa la mviringo zaidi, na uwazi wake wa ndani ni mkubwa. Wanasayansi wanalieleza kwa kromosomu: jike lina X mbili, dume lina X na Y, khuntha ina X pamoja na Y ya aina tofauti kidogo. Mbegu ikibeba Y mbili, za aina yoyote ile, haifiki popote. Inakufa. Kwa hivyo ukipanda mbegu za khuntha iliyojichavusha yenyewe, unapata khuntha mbili kwa kila jike moja, na robo ya mbegu zimepotelea njiani. Mbegu za jike lililochavushwa na dume zinagawanyika nusu kwa nusu. Ukiotesha miche kumi kutoka kwa papai la aina hiyo, jiandae kwa madume matano hivi.

Hesabu ya mkulima sasa: dume moja linatosha majike kumi, na wengine wanasema hata zaidi. Maua ya dume yanatoa harufu tamu jioni, nondo wanakuja gizani, poleni inasafiri. Kwa hivyo katika yale madume matano, manne hayana kazi. Mti wenyewe hauna mbao, shina lake ni laini na lina uwazi ndani, hata kuni si kuni. Kweli jani lake linalainisha nyama ngumu sawasawa na jani la jike, lakini nani anamwagilia mti miezi minane kwa ajili ya jani?

Kungoja ndiko watu wasikokuweza. Ndiyo maana kila mahali mpapai ulipofika (asili yake ni Amerika ya Kati, sisi tumeupokea tu) kumezuka mbinu za kuujua mapema au kuulazimisha. Ukiwa mche, eti angalia mzizi: ulionyooka ni dume, wenye matawi ni jike. Ukishakua, piga msumari shinani na utageuka. Au ukate kichwa. Au uning'inizie jiwe, ili uone uzito wa kuzaa. Mzee mmoja kule kwetu aliwahi kuutisha kwa maneno, amesimama mbele yake na shoka, na nakumbuka tulicheka hadi tukakaa chini. Mzizi na msumari havina kitu. Kinachodanganya watu ni kwamba madume na khuntha wakati mwingine hubadilika kweli, joto na msimu vikiwasukuma. Dume linaweza kutoa papai moja mbili zikining'inia kwenye kijiti kirefu kama taa. Likitokea hilo mwezi mmoja baada ya msumari, msumari unapata sifa. Jike ndilo halitikisiki.

Watu walijua habari ya mti dume na mti jike zamani sana kuliko tunavyofikiri, na walijua kupitia mtende. Sheria za Hammurabi wa Babeli, karibu miaka 3,750 iliyopita, zina kipengele kuhusu mtu anayempa mtunza bustani mitende yake aichavushe: mwenye bustani anapata theluthi mbili ya mavuno, mtunzaji theluthi moja. Sisi tuliosoma dugsi tumesikia kisa cha Madina. Mtume (SAW) aliwapita watu waliokuwa juu ya mitende wakiweka maua ya dume kwenye jike, akasema hadhani kama linasaidia. Wakaacha. Mavuno yakaanguka. Aliposikia, akawaambia kwamba yeye ni binadamu, na kwamba mambo ya dunia yao wanayajua wao zaidi. Mwalimu wetu alikitumia kisa hicho kutufundisha kuheshimu fundi. Mimi nilibaki nikiwaza kuhusu wale madume, kwamba kuna mwaka mmoja Madina waliachwa na maua yao na kila mtu akagundua.

Oman hadi leo mtende dume unaitwa fahl, na ndilo neno lililozaa fahali wetu wa Kiswahili. Tunasema mafahali wawili hawakai zizi moja, na mkulima wa mtende analitekeleza kwa msumeno: dume moja linaweza kuhudumia majike hamsini, kwa sababu mtu anapanda mwenyewe na kupeleka poleni kwa mkono. Ulaya walichelewa. Ni mwaka 1694 ndipo Mjerumani Rudolf Jakob Camerarius, huko Tübingen, alipoandika majaribio yake ya kutenga mimea jike ya spinachi, bangi na mingine mbali na madume, akaonyesha kwamba bila dume mbegu haikamiliki. Kabla ya hapo walikuwa wakiita mimea dume na jike kwa kuangalia tu ipi inaonekana na nguvu na ipi laini. Kuna magugu ya aina ya kangaga wanayoyaita dume na jike hadi leo, na yote mawili hayana jinsia ya namna hiyo hata kidogo.

Hapo ndipo ninapoanza kushtuka. Majina haya tuliyapeleka sisi kwenye mimea, kutoka nyumbani na zizini. Kitu ukikipa jina la nyumbani, jina hilo siku moja linarudi nyumbani likiwa limebeba udongo wa bustani.

Nitaeleza. Eedo wangu, dada mdogo wa baba, aliolewa Hulugho akakaa miaka saba, kisha akarudi kwetu Sangailu bila mtoto. Hakuna aliyesema amefukuzwa. Walisema amepumzika. Alipanda mpapai pale maji ya udhu yanapopita, akautunza miezi saba, na ulipotoa maua ukawa dume. Siku zile kulikuwa na kikao cha wazee kuhusu mahari na mifugo iliyobaki upande ule, mimi nikipitisha chai. Mtu mmoja, na sitamtaja kwa sababu ni mtu wa heshima na alidhani anaongea ukweli tu, alisema: mti usiozaa unakunywa maji ya mti unaozaa, na mwenye akili anaukata akapanda mwingine. Eedo alikuwa nyuma ya pazia. Kila mtu alijua alikuwa nyuma ya pazia.

Ona jinsi ulinganisho ulivyogeuka kichwa chini. Bustanini asiyezaa ni dume. Ndani ya nyumba, methali ile ile inamwangukia mwanamke, na hakuna anayeuliza upande wa pili. Madaktari wanasema katika takriban nusu ya visa vya ndoa kukosa mtoto mwanaume anahusika, yeye peke yake au pamoja na mkewe. Huko Hulugho hakuna aliyepimwa. Mume akaoa tena, na nasikia bado wanangoja. Ningependa kusema hilo linanisikitisha, lakini mimi pia ni binadamu.

Kesho yake jirani alikuja na panga, kwa nia njema kabisa.

"Eedo, tukukatie hili?"

"Liache."

"Lakini halizai."

"Mapapai yako yamezaa na nani?"

Jirani alikuwa na majike manne nyuma ya ukuta, na kwake hakukuwa na dume hata moja. Alisimama kidogo, akaliangalia panga, akarudi kwake. Jike lisilochavushwa mara nyingi linaangusha vitunda vyake vichanga, au linatoa vidogo visivyo na mbegu. Eedo hakuwa amesoma hayo popote. Alikuwa ameangalia tu, miaka mingi, nani anategemea nani upande gani wa ukuta.

Nilihadithia kisa hiki kwa marafiki Nairobi na kila mtu alipiga makofi. Imeenda hiyo! Lakini nikikaa nacho, naona utetezi wa eedo una tundu. Ameliokoa dume lake kwa kuonyesha kwamba lina kazi. Sawa. Na yale manne mengine? Kama thamani ya dume ni kuchavusha, na moja linatosha, basi manne yaliyobaki hayana wakili. Hoja ya manufaa inamwokoa mmoja na kuwahukumu wengine kwa sauti kubwa zaidi. Na eedo mwenyewe, tukimtetea hivyo, tutasema nini? Kwamba anafaa kwa sababu anamlea mtoto wa kaka yake, anapika vizuri harusini, anatuma pesa? Yote ni kweli. Lakini nikianza kuorodhesha, tayari nimekubali kwamba kuna siku orodha itakosa kitu, na siku hiyo yule mzee wa kikao atakuwa sahihi.

Watu wa mifugo watanijibu kwamba dunia nzima inaenda hivyo. Ijara sisi ni watu wa ng'ombe, na ndama dume hatma yake inajulikana: fahali mmoja anabaki, wengine wanapanda lori kwenda soko la mifugo Garissa. Hakuna anayelia. Lakini angalia: yule ndama anakwenda sokoni kama mali. Ana bei, anasifiwa, anapigwa picha, watu wanashikana mikono chini ya kitambaa kwa ajili yake. Kutohitajika zizini hakumfanyi kuwa aibu. Mpapai dume unakatwa kwa dharau. Mtu anautemea mate, karibu aulaumu kwa kumdanganya. Kwani ulisema nini?

Na porini kwetu dharau hiyo haipo kabisa, ambalo ni jambo la ajabu, kwa sababu pori letu limejaa miti yenye madume na majike. Mikoma inayoota kuelekea mto Tana ni hivyo, jike peke yake ndilo linatoa yale makoma magumu ya kahawia. Lakini anayetafuta majani ya kufuma mkeka anayachota anapoyakuta. Miti ya jamii ya malmal na hagar, inayotoa ule utomvu wenye harufu wanaoupeleka madukani, mingi nayo ina dume na jike. Mchumaji anatazama gome, anatazama utomvu. Jinsia ya mti haimhusu. Sijawahi kusikia mtu akisema malmal fulani ni tasa.

Ukienda mbali zaidi, unakuta dume linalolindwa kama mfalme. Afrika Kusini, mwaka 1895, John Medley Wood aliukuta mmea mmoja kwenye msitu wa Ngoye, Zululand, ukoo mmoja na ile miti ya kale inayofanana na mnazi mfupi ambayo jamaa zake wako hata kwenye misitu ya pwani yetu. Ukaitwa Encephalartos woodii. Ulikuwa dume. Jike lake halijawahi kuonekana, na hakuna mwingine uliopatikana porini tangu wakati huo. Yote iliyopo duniani leo, pamoja na ule ulio kwenye bustani ya Kew huko London tangu 1899, imetokana na machipukizi ya dume lile lile moja. Hauzai na hauwezi kuzaa. Una uzio, una walinzi, na watafiti wamekuwa wakirusha droni juu ya msitu wakiusakia mke.

Au chukua Nepenthes, ile mimea ya kitropiki inayokula wadudu, majani yake yakiwa na ncha iliyojikunja kuwa mtungi wenye kifuniko. Bara letu la Afrika Mashariki hatunayo, lakini visiwani Madagaska na Ushelisheli ipo. Huko nako dume na jike ni mimea miwili tofauti, na hujui upi ni upi hadi utoe maua, ambayo inaweza kuchukua miaka. Wapo watu duniani wanaoifuga kwenye vyumba vya vioo kama wengine wanavyofuga samaki. Hakuna anayekata dume, kwa sababu wote wanaipendea mitungi yake, na mitungi dume na jike wanayo sawa. Jinsia inakuwa habari siku mtu anapotaka mbegu. Hapo ndipo anaanza kutafuta ni nani mwenye dume lililochanua wiki hii, poleni inawekwa kwenye friji, inatumwa kwa posta. Ukweli wa kibiolojia ni ule ule wa mpapai wa eedo. Panga ndilo halipo.

Kwa hiyo kutokuzaa peke yake hakutoshi kueleza panga. Panga linatoka kwa tulichokuja kutafuta.

Sasa kuna mtu ataniambia, dada, suluhu ipo, nunua mbegu za kisasa. Ni kweli. Ukiingia duka la pembejeo Garissa utapata vipaketi vya chotara kama Red Lady au Malkia, ambavyo vinakupa jike na khuntha, dume hakuna. Kila mche unazaa. Hakuna kungoja, hakuna panga, hakuna mzee na shoka. Sina ugomvi nazo. Mtu anayelipia mafuta ya pampu hana wajibu wa kufuga falsafa yangu. Ila ni mbegu za bei, na mbegu unazozitoa kwenye tunda lake hazikupi tena kile ulichonunua, kwa hivyo unarudi dukani. Na kuna kitu kinanichekesha kwa uchungu: tumelipenda tunda la khuntha hadi tukatengeneza kilimo kizima kumzunguka, wakati binadamu anayezaliwa hivyo anafichwa.

Najua mlinganisho wa mtu na mpapai ni hatari, nimetoka kulalamika kuhusu huo huo. Sitasema wanafanana. Nitasema tu tulivyowatazama. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu huntha kwa mara ya kwanza, ikapata 1,524 katika nchi nzima. Hao ni waliosema, au waliosemewa. Sheria ya Watoto ya 2022 nayo inamtambua mtoto huntha kwa jina. Ni mambo mapya serikalini. Kwenye fiqhi si mapya hata kidogo, na hili ndilo linalonivutia kuliko yote niliyoyasema hadi hapa.

Vitabu vya mirathi vina mlango wa khuntha ambaye hajabainika. Mtu amekufa, ameacha watoto, mmoja wao haijulikani apewe fungu la mwana wa kiume au wa kike. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ni yetu Wasomali na pia ya Waswahili wa pwani, kila mrithi anapewa kile kiasi ambacho ni chake kwa hakika, iwe hali ni hii au ile. Kinachobishaniwa kinawekwa kando. Kinakaa hapo mpaka mambo yabainike, au warithi wapatane.

Nimesoma hilo mara nyingi. Sitalipamba, anayesubiri anapokea fungu dogo wakati anasubiri, na kuna maisha yaliyoisha yakisubiri. Lakini fikiria wangeweza kuamua nini. Wangeweza kusema hakuna mlango wa watu kama hawa. Wangeweza kukisia na kufunga faili. Badala yake walikubali kwamba hawajui, na kutojua kwao wakakutengea mali halisi, ng'ombe halisi, akae pale bila mwenyewe. Hiyo ndiyo miezi saba ya maji ya udhu. Unatoa kabla hujajua unampa nani.

Nikirudi kwenye swali langu basi. Kukata mpapai dume si dhambi, na maji yakipungua ni lazima kitu kinywe kidogo. Mwaka 2022 nililiona hilo. Mvua ilikuwa imeshindwa msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020, ndama walikuwa wakifa wamesimama, na maji ya udhu yalianza kukingwa kwenye beseni na kupewa mbuzi. Eedo hakuugawia mpapai tena. Alifanya hivyo mwenyewe, hakuambiwa na mtu. Majani yalianguka kutoka chini kwenda juu, na mwisho shina likalala ukutani. Majike ya jirani nayo hayakumaliza mwezi. Nilimpigia simu nikamwuliza, labda kwa ujinga wa mtu wa mjini, kama aliumia.

"Eedo," akaniambia, maana kwetu shangazi naye anakuita kwa jina lile lile unalomwita, "nimelinyima maji. Sikulitukana."

Naliweka hilo mbele ya hoja zangu zote. Yule mzee wa kikao hakuwa akigawa maji. Hakukuwa na kiangazi mwaka ule, silanga lilikuwa limejaa hadi vyura wanatunyima usingizi. Alikuwa na nafasi ya kusema lolote kuhusu mwanamke aliyekaa nyuma ya pazia, akachagua kusema ni mti. Ugumu wa maisha unaweza kukulazimisha upunguze fungu la mtu, na unaweza kufanya hivyo ukiwa unamtazama usoni. Methali haikulazimishwa na kiangazi chochote.

Bado sijawajibu wale madume wanne. Nimejaribu. Nikisema kila kilicho hai kina haki ya kuishi, nitakuwa muongo, nakula nyama kila Ijumaa. Nikisema hawana haki yoyote, nasikia panga likinolewa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa. Kwa sasa niko mahali fulani katikati, ambapo mkulima anakata kwa sababu ya maji, anajua anakata kitu kizima kisicho na kasoro, na anakata bila kukipa jina baya. Si nafasi kubwa ya kusimama, najua. Rafiki yangu anayesoma sheria anasema hiyo si hoja, ni adabu tu. Labda. Adabu peke yake ingemfaa sana eedo siku ile.

Mwaka huu adeer, kaka yao mkubwa, amepata kipande Masalani, karibu na mto, na pampu ya kuazima. Amechimba mashimo arobaini, miche mitatu kila shimo, kwa mbegu alizozikausha mwenyewe kwa sababu bei ya paketi ilimkasirisha. Maua yatatoka kabla ya Ramadhani. Hapo atang'oa miwili kila shimo na kuacha mmoja, na ameshapiga hesabu: madume manne kwa shamba zima, lililobaki ni majike.

Nilimwomba aache matano.

"Adeer, la tano la nini?" akaniuliza.

Nikamwambia la tano ni la eedo. Akanyamaza kidogo kwenye simu, pampu ikisikika nyuma yake. Halafu akauliza kama eedo atalilipia mafuta.